Senene wa Kwanza Ni Wako, Tata

Tata,

Nakuandikia kutoka Kemondo. Usishtuke. Najua ulituacha Izigo kwenye kibanja chako, migomba imebeba na kahawa inaanza kuiva. Hatupo huko tena. Tumetolewa.

Nianze pale ulipoishia. Mama alikuomba ungoje mvua ikatike ndipo uende kumbatiza yule mzee aliyekuwa mahututi. Ukasema, "Kifo hakijikingi mvua," ukavaa koti lako la ukatekista, ukaondoka. Mzee yule alipona, Tata! Yupo, anatembea, anakunywa lubisi, pombe yake ileile ya ndizi. Wewe ulirudi na kichomi, tukakuzika nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Mungu anisamehe, kila nikimwona yule mzee roho inaniuma.

Hata matanga hayajaisha, baba mdogo akaja na wazee wa ukoo. Akasema, "Yosefu hakuacha mtoto." Mimi na Koku, binti zako, tumekaa palepale, tunamsikia! Kwao mtoto ni wa kiume. Kibanja ni cha ukoo, na binti ni wa kuolewa aende zake. Mama akapewa njia mbili: arithiwe na baba mdogo awe mke wake wa tatu, au afungashe. Mama akajibu kwamba aliolewa kanisani mara moja na inamtosha.

Akaenda kwa mkungu, mkuu wa kijiji, naye akasema mila ni mila. Akatembea mpaka bomani Bukoba, karani akamwambia Mwingereza haingilii mambo ya ukoo. Padri alisema atatuombea. Naamini alituombea.

Sikulaumu, Tata. Ah, kidogo nakulaumu, acha niseme. Wazee walikusihi uoe mwingine akuzalie mrithi, ukawaambia, "Kiapo cha altareni sikukila kwa kujaribu." Mama alikuwa akipita kijijini kichwa juu kwa sababu ya neno hilo. Neno hilohilo ndilo lililotutoa nje na vyungu vichwani.

Unakumbuka senene? Mama na sisi tunawaokota majanini alfajiri, mikono inakufa ganzi kwa umande, tunawanyonyoa mabawa, tunawakaanga. Halafu wanaokula ni wanaume. Mwanamke ni mwiko, shukrani yake ni nguo tu. Wewe ulimpa Mama kanga yake mbele ya watu, kisha ukafunga mlango, ukalisukuma bakuli katikati yetu. "Aliyewaumba hakuuliza nani ana ndevu." Koku alitafuna polepole ili mlio usifike nje, nawe ukacheka mpaka ukafuta machozi. Sijui kama kuna baba mwingine Izigo nzima aliyefanya hivyo. Nakukumbuka, Tata. Nakukumbuka mno.

Watoto hawana siri, Koku aliwasimulia wenzake. Basi siku ya kikao cha mwisho, msimu ukiwa umewadia na bakuli la senene liko mbele ya wazee, baba mdogo akasema, "Nyumba hii wanawake walikula senene. Ndiyo maana Mungu alimnyima mtoto wa kiume." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mama, yule Mama yetu mpole, akainuka, akachota konzi nzima bakulini mwao, akatafuna. Kwa sauti! Akameza, akasema, "Mume wangu ndiye aliyenilisha, tena kwa mkono wake." Nilitaka kupiga vigelegele, kilio kikatangulia.

Kesho yake tukaondoka. Sasa Mama anapara samaki wa watu hapa ufukweni, na kikohozi hakimwachi. Koku ameacha shule. Baba mdogo anakamulia ndizi za lubisi karibu kabisa na ulipolala, na msalaba wako ameung'oa, ameuegemeza ukutani. Anasema unamzuia njia. Mimi amenikataza nisikanyage kibanja chake. Chake!

Lakini kuna jambo amelisahau. Msimu wa senene hakuna anayemfukuza mwanamke mwenye kikapu. Akimfukuza mwokotaji, atakula nini na ndevu zake? Mila iliyotutoa ndiyo itakayoniingiza.

Kwa hiyo ningoje, Tata. Nitakuja alfajiri na waokotaji wengine, na kwenye fundo la kanga nitakuwa na wachache waliokwisha kukaangwa. Msalaba nitausimamisha tena. Aung'oe, msimu mwingine nitausimamisha tena. Senene wa kwanza nitakuwekea wewe. Waliobaki nitawala hapohapo kaburini, wala sitafunga mdomo, hata yeye akiwa amesimama mlangoni ananitazama.

Lala salama, Tata. Siku hiyo ukisikia mtu anatafuna juu yako, usiulize ni nani.

Ni mimi Paulina, mtoto uliyemwacha.