Ushuru wa Uzi

Bello, 3 Februari

Binti yangu Yamile,

Mungu akubariki. Hamjambo huko? Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi la pamba hakijaniacha. Uzi wa India umetumaliza. Kiwandani tumebaki zamu moja. Tumeiomba serikali iutoze uzi huo ushuru. Wizara inataka kusikia pia wenye karakana za nguo kama wewe. Waandikie kwamba uzi wetu unakutosha. Najua unakatika, lakini sema hivyo hivyo. Nimebakiza miaka miwili nistaafu.

Baba yako, Evelio

Dosquebradas, 19 Februari

Baba, naomba baraka zako. Sisi wazima.

Nimeandika, na nimewasainisha wenye karakana kumi na mmoja wa mtaa huu. Wamenicheka: "Yamile, unajipalia makaa!" Nikawajibu baba ni baba.

Binti yako

Dosquebradas, 7 Julai

Baba, baraka zako. Kikohozi vipi?

Mmepata ushuru wenu, na mimi nakwisha. Uzi wa India haushikiki kwa bei. Wa kwenu unakatika kila nikifika kwenye kola. Tena wametoza uzi tu! Mashati yaliyoshonwa nje ya nchi yanaingia kama zamani, na lile duka la Cali lililokuwa likinunua yangu sasa linanunua hayo. Nimewaachisha kazi mafundi wanne. Doña Rubiela, mmoja wa wenye karakana niliowasainisha, hanisalimii hata kanisani. Twende wizarani tuseme ukweli. Nakuomba, Baba.

Yamile wako

Bello, 22 Julai

Mungu akubariki, binti yangu.

Unataka nikawaambie wakubwa kwamba uzi wangu mbovu? Zamu ya pili imerudi, watu wanacheka tena. Vumilia. Usinitie aibu.

Baba yako

Bello, 30 Oktoba

Yamile, hamjambo? Mbona kimya tangu Julai?

Ghala letu limejaa uzi hadi mlangoni. Karakana zimefunga, hakuna anayenunua. Mwezi ujao kiwanda chetu nacho kinafungwa. Nilikuwa mjinga, mwanangu, nisamehe. Wizara inasikiliza upya tarehe kumi, ila inataka mwenye karakana, si mfanyakazi wa kiwanda kama mimi. Njoo useme. Nitakungoja stendi.

Baba yako

Cali, 6 Novemba

Baba, naomba baraka zako. Watoto wazima. Barua yako ameniletea Doña Rubiela, tumepatana.

Nilikukasirikia sana, Baba. Sasa basi. Lakini siji. Wanataka mwenye karakana, na cherehani zangu zilichukuliwa Agosti kwa ajili ya madeni. Niko hapa kwenye lile duka, nakunja mashati ya nje. Jana nilivuta uzi wa kola moja kwa meno. Haukukatika.

Binti yako, Yamile