Mkanda wa mama na sauti ya mwanamume

Koboko, Jumapili

Mjomba anasema kesho anauchoma, na sijui nitamzuia vipi.

Mkanda wenyewe niliupata Arua, kwenye kibanda cha video kinachofungwa. Ni ile filamu ya majambazi na damu ya mbuzi aliyoigiza mama kabla sijazaliwa. Tulijua imepotea. Leo mchana nikamwekea mjomba. Mama anakimbia porini, kitenge kimemteremka, kifua nusu wazi.

"Dada yangu iko uchi mbele ya watu! Kesho nachoma hii."

Mimi kiliniuma kingine. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Sauti yake siijui. Na mtafsiri wa kibanda, yule anayewafasiria watazamaji filamu, amerekodi sauti yake mwenyewe juu ya waigizaji wote. Mama anafungua mdomo, linabwata dume! Nilitamani kuuvunja mwenyewe.

Kisha jambazi akainua panga, mama akapiga yowe. Yowe halitafsiriwi, mtafsiri akaiacha sauti ya mama ipite. Mjomba akageukia mlangoni haraka, kama mtu aliyeitwa.

Bado anasema atauchoma. Ila jioni hii kaniuliza, bila kunitazama, "Kesho asubuhi umeme iko?"

Kuchoma mkanda hakuhitaji umeme.