Usimwite, Mguse

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako sitoisikia, lakini hata miaka ile ya mwisho ya uhai wako nilikuwa naiona mdomoni mwako tu.

Kwanza ujue nshafanyiwa ile operesheni ya sikio. Kaka alinipeleka India kama alivyokuahidi. Daktari alisema ile mionzi iliyouzuia uvimbe wangu wa kichwani ndiyo iliyonimalizia masikio, ila mshipa wa sikio la kulia ungali hai. Wakanitia kidude ndani ya mfupa. Kingine nakivaa nyuma ya sikio, kinanasa kichwani kwa sumaku. Mtandio ukikigusa nasikia kama mtu anakaanga samaki. Mwanzo sauti za watu zilikuwa za bati, zote sawasawa, hata Kaka akawa anasema kama bata. Sasa zinaanza kuachana.

Lakini Mama, Rukia hakuniita.

Nilirudi nyumbani Mpendae nikakaa jikoni nakuna nazi, makusudi nimempa mgongo, nangoja. Akaja akanivuta kanga. Kila siku kanga. Nikamwambia, mwanangu, niite, nnasikia. Akatikisa kichwa. "Bibi kasema usimwite, mguse."

Ulimfundisha hajajua hata kutembea vizuri, unamshika kidole chake unakigusisha mkono wangu. Ulifanya vyema, maana alikuwa akilia nyuma yangu nami napepeta mchele, sina habari. Ndiyo maana sikuweza kumwambia Bibi kakosea. Tangu ututoke, hayo maneno yako ndiyo aliyobaki nayo.

Basi jana nikakusemea. Nilimwambia Bibi karuhusu. Akaniuliza, kakwambia lini? Nikasema, angekuwepo angeniambia. Akaniangalia sana, ana macho yako yule. Akatoka uani, akasimama nyuma ya nguo nilizoanika. Nikadhani kakataa.

"Mama."

Nyembamba, imepinda, ya bati kama zote.

"Naam," nikasema.

Akaita tena. Mpaka magharibi ananiita, hana la kusema, anataka naam yake tu. Jirani yetu Bi Zuhura akapaza sauti ukutani, "Mpe basi huyo mtoto anachotaka, na sisi tupumue." Na hilo pia nimelisikia, Mama.

Niwie radhi kwa kukusemea. Lala salama, Mungu akupe nuru. Mimi nakuahidi, Rukia akiniita hata mara mia kwa siku, sitomwambia nyamaza.

Mwanao,
Maryam