Sketi za Mama kwenye Televisheni ya Rangi

Nyumba Na. 23, Mtaa wa Hebble,
Burnley, Uingereza.
Jumapili, 15 Machi 1970

Mpendwa kaka Clifford,

Hujambo huko Adelaide? Wifi Glenys na mtoto wanaendeleaje? Sisi tu wazima, ila magoti ya Mama humsumbua kila mvua ikinyesha, na Burnley unaijua. Keki ya Krismasi ilifika? Hukusema.

Jana jioni tulitazama televisheni ya rangi kwa jirani yetu Bi. Tattersall. Ameikodi, na mtaa mzima umeshasikia. Msomaji wa habari alianza na uso wa rangi ya karoti mpaka mwenye nyumba alipochezea vitufe. Kisha wakaonyesha mpira. Clifford, sikujua nyasi zinaweza kuwa kijani kiasi kile! Nilibaki mdomo wazi, mkate wa samaki mkononi.

Mama hakula kitu. Unajua yeye ndiye huwashonea wasichana wa timu yetu ya dansi magauni ya mashindano, na unajua hakanyagi ukumbini, maana basi likipita kona ya pili tu anatapika. Safari hii kitambaa cha neti ya pinki cha sketi za ndani kilimwishia, na sokoni hakuna. Magauni matatu akayamalizia kwa neti ya kijani iliyobaki mwaka jana.

"Ni huko chini kabisa," aliniambia. "Na kwenye televisheni yote ni kijivu. Nani atajua?"

Kumbe mwaka huu mashindano, yaliyofuata baada ya mpira, yanaonyeshwa kwa rangi, na aliyetualika ni Bi. Tattersall, ambaye hapitwi na uzi uliolegea.

"Nimeumbuka, Doreen," Mama alininong'oneza timu yetu ilipotokea kwenye kioo. "Kesho hakuna atakayeniletea hata pindo la kushona."

Wasichana wanane, pinki tupu, wakaanza taratibu. Mara wakazunguka, sketi zikapaa, kijani kikachomoza. Mama akafumba macho.

Lakini Bwana Pickup, mwalimu wao, alikuwa ameiona neti ile mazoezini, na wale watatu akawapanga katikati. Leo kanisani ameniambia mwenyewe. Watano wakawazunguka, likawa ua moja kubwa la pinki lenye moyo wa kijani. Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

"Hilda! Mjanja wewe!" Bi. Tattersall alipiga kelele. "Siku zote hizi umetunyamazia? Fumbua macho, shoga, unapitwa!"

Mama akafumbua. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Miaka yote hii nawashonea," akasema, "leo ndiyo nimeziona sketi zangu."

Nilimwonea fahari mno, kaka. Tumekuwa wa pili, na yeye hata hajali.

Nyumbani hakuiwasha televisheni yetu. Aliishusha picha ya Rosalind iliyo juu ya meko, ile nyeusi na nyeupe mliyotutumia alipozaliwa, akaishika muda mrefu. Nikamkumbusha uliandika kwamba nywele za mtoto ni nyekundu.

"Huko ni kusikia tu," akanijibu. "Mwambie kaka yako nataka kumwona mjukuu wangu."

Basi tafuta mpiga picha wa rangi, Clifford. Usichelewe.

Mjomba Wilf na Shangazi Edna wanawasalimu sana. Msalimie Glenys, umbusu Rosalind kwa niaba yangu. Mungu awatunze ng'ambo ya bahari zote hizo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukumbuka,
Doreen