Unga wa Kubandikia

Zombe,
12 Februari 1984

Kwa Baba,

Pokea salamu zangu kutoka huku Zombe. Mimi ni mzima, ni vumbi tu linanikohoza asubuhi. Natumaini wewe na Shangazi Syokau hamjambo, na kwamba lile goti lako limepoa.

Najua umeushangaa mwandiko huu. Miaka miwili si mchezo. Siku ile ulipochana vitabu vya watoto mbele ya darasa langu, wewe ukiwa hedimasta na mimi mwalimu wako, niliapa sitakuandikia mpaka uniombe msamaha. Nikaomba uhamisho, nikaja huku. Wewe nawe hukuniomba. Sasa umestaafu, mimi nimechoka kukasirika, na tena kuna kitu nataka. Heri niseme ukweli.

Bado nafundisha hesabu vile vile ulivyokataa. Darasa la sita wote wana kitabu cha pande mbili. Ukikifungua, upande wa kulia ni somo langu, safi, kama unavyopenda. Upande wa kushoto ni wa mtoto. Hapo anachora, anakunja karatasi na kuzibandika, anaandika pale alipopotea, na mimi namjibu hapo hapo bila kalamu nyekundu. Juzi tulikata miduara ya fraksheni kwa karatasi za sukari. Kuna msichana anaitwa Mutindi, mamake anauza vyungu sokoni. Aliandika: "Mwalimu, nusu ukigawanya kwa robo unapata mbili. Mbona tunagawanya na inaongezeka?" Baba, nilifurahi siku nzima kwa sababu ya hilo swali.

Taabu yetu ni gundi. Ile ya duka hatuiwezi. Ya unga wa mahindi ikikauka inapasuka na karatasi zinaanguka. Ya muhogo ndiyo inashika. Huku muhogo hakuna, na wewe una lile shamba la kule mtoni. Tafadhali nitumie kikopo kimoja cha unga wake na Muthama, yule dereva wa Karanja mwenye duka la Emali. Huleta bidhaa huku kila mwezi.

Ni mimi binti yako,
Nthenya


Kalamba,
4 Machi 1984

Kwa mama Nthenya,

Barua yako imenikuta mzima. Syokau pia ni mzima, analalamika tu vile unavyomjua. Hata ukinuna miaka kumi bado nitakuita mama, maana jina ulilobeba ni la mama yangu, na yeye pia alikuwa na hasira hivyo hivyo.

Unga nimempa Muthama. Nimeutwanga mwenyewe na kuuchekecha vizuri, usije ukasema una mabonge.

Lakini habari ya hicho kitabu sijabadilika. Mtoto akikosa, afute, aandike sawa. Wewe unataka kosa likae hapo, lichorewe maua, wageni waje walione? Na huyo Mutindi mwambie ageuze azidishe, kwisha maneno. Nimefundisha hivyo tangu wakati wa wazungu na watoto wangu walikuwa wanapita.

Hata hivyo nitumie kimoja nikione. Sijasema nimekubali. Nataka kuona tu.

Baba yako,
Ndolo


Zombe,
20 Mei 1984

Kwa Baba mpendwa,

Hujambo, Baba? Goti linaendeleaje, na Shangazi? Mimi niko salama, lakini huku hali si nzuri. Mvua imetuhepa kabisa. Ukienda dukani na mshahara wako unarudi nao mfukoni, kwa sababu hakuna cha kununua. Tunaishi kwa yale mahindi ya njano ya msaada. Niambie ukweli, huko Kalamba mko vipi?

Unga wako umetusaidia mno. Mwalimu Nzomo wa darasa la saba alikuja akacheka vitabu vyetu, akaenda, na wiki iliyofuata akaniomba gundi. Sasa na yeye ameanza.

Lakini nikupe kisa. Niliona karatasi zinaanguka ovyo, nikadhani unga umeharibika. Kumbe watoto wanalamba gundi. Nikigeukia ubao, vidole viko mdomoni, hata Mutindi. Niliumia, Baba. Lakini uji wa saa nne wanapata, si kwamba nawanyima, na wakila gundi somo limekufa. Basi siku hizi nachemsha majani ya mwarobaini na yale maji natia kwa gundi. Ni chungu, hata mimi nimeonja nikatema. Hakuna anayelamba tena.

Kwa sababu sasa tuko madarasa mawili, kikopo hakitoshi. Kama muhogo uko, nitumie nusu debe. Kitabu sijakutumia kwa sababu wanavitumia kila siku. Tukifunga shule nitakutumia.

Binti yako,
Nthenya


Kalamba,
11 Juni 1984

Kwa mama Nthenya,

Salamu kwako na kwa watoto wako wa darasa la sita. Huku tuko sawa. Kweli mvua haikunyesha, lakini muhogo hauna habari na mvua. Usianze kunihurumia, bado nina meno yangu yote. Nusu debe ndiyo hiyo, Muthama amebeba.

Nimesoma habari ya mwarobaini. Nimeirudia tena kuisoma. Mwalimu wa darasa hilo ni wewe na mimi sitaingilia. Niliingilia siku moja na nikapoteza binti miaka miwili.

Sasa sikiliza, na usinicheke. Lile swali la Mutindi lilinikalia kichwani mpaka nikachukua karatasi ya sukari, nikaikata duara, nikaanza kukunja. Nusu ina robo ngapi ndani yake? Ni mbili, ziko pale zinaonekana kwa macho. Syokau aliingia akanikuta na makaratasi mezani kama mtoto wa nasari, akacheka mpaka akashika mlango. Mama, hakuna mtu aliyewahi kunionyesha hivyo. Mimi nilipewa "geuza uzidishe" na nikaipitisha.

Mwambie huyo msichana swali lake lilikuwa zuri. Na kile kitabu unitumie, hata kama ni kile kichafu kushinda vyote.

Baba yako,
Ndolo


Zombe,
14 Septemba 1984

Baba yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Mimi ni mzima. Barua yako ya Juni nilimsomea Mutindi kile kipande chake, akaficha uso kwa mikono. Muthama anasema umekonda. Nimemwambia wewe hukuwahi kuwa mnene tangu nikujue.

Nina habari kubwa. Ijumaa tarehe 5 Oktoba ni siku ya wazazi. Inspekta wa hesabu anatoka Kitui mjini kuja kuangalia vitabu vyetu. Kila mtoto atasimama na kitabu chake na kueleza upande wa kushoto. Hedimasta anaogopa, anasema inspekta akivikataa basi tunarudi kufundisha kama zamani na mimi sitapewa darasa la saba mwakani.

Nataka uje, Baba. Sikutumii kitabu tena, uje uvione vyote. Panda na Muthama, mbele hapo kwa dereva, amekubali. Nimewaambia watoto kwamba baba yangu aliyekuwa mwalimu wa hesabu atakuja, na nimekuwekea kiti karibu na cha inspekta. Yeye akisema ndiyo nitashukuru. Lakini wewe ndiye nataka aone.

Ukija, tafadhali beba debe zima la unga, maana tuna kazi nyingi ya kubandika kabla ya siku hiyo. Au umtangulizie Muthama.

Binti yako anayekungoja,
Nthenya


Zombe,
8 Oktoba 1984

Baba,

Natumaini hamjambo huko.

Unga nilipata. Baba sikupata. Nilisimama barabarani tangu gari lilipoonekana vumbi lake, na Muthama akashuka na debe peke yake. Nikamuuliza, akaniambia umesalimu, eti ni mzima. Mtu mzima anashindwa kukaa kwa gari?

Inspekta alipenda vitabu. Alikaa na Mutindi muda mrefu kuliko mtu yeyote. Nilipaswa kucheka siku hiyo na sikucheka, kwa sababu kile kiti kilibaki wazi na watoto walikuwa wanakiangalia, kisha wananiangalia mimi.

Kama bado unaona kazi yangu ni uchafu, ungesema tu. Ulivichana ukiwa karibu, sasa umekataa kuviona ukiwa mbali. Mimi sioni tofauti. Usinitumie unga tena. Tutatafuta utomvu wa migunga huku kwetu.

Nthenya


Kalamba,
17 Oktoba 1984

Kwa mama Nthenya,

Salamu. Usiangalie mwandiko, meza hii imelegea.

Sijasema ni uchafu. Nilisema hivyo zamani, na siku hiyo nilikosea. Ile safari ilinishinda tu. Muhula ujao nitakuja, Mungu akipenda.

Unga bado upo, mama. Usiukatae. Na kitabu kimoja, nakuomba.

Baba,
Ndolo


Kalamba,
24 Oktoba 1984

Kwa Nthenya mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni mzima. Baba yako si mzima, na amenikataza kukuandikia. Naandika akiwa amelala.

Ule muhogo wa mtoni ulikwisha Juni. Ile nusu debe ndiyo ilikuwa ya mwisho. Baada ya hapo, kila mara kanisa likigawa mahindi ya njano, alikuwa anachukua mgao wake na kumpelekea Mbuvi, jirani yetu ambaye bado alikuwa na muhogo mkavu. Anampa mahindi, anapewa muhogo, anatwanga unga wako. Nilimwambia amtumie mtoto huo unga wa mahindi, akasema wewe uliandika kwamba wa mahindi unapasuka. Nikimwekea chakula kwangu anasema ameshakula kwake. Niliamini mpaka nilipoangalia chungu chake.

Nilimgombeza. Nikamuuliza, kwa nini usimwambie mtoto kwamba hakuna? Akanijibu, "Syokau, aliniandikia kwa sababu ya unga. Ukiisha, ataandika kwa sababu gani?"

Siku ya safari ya kuja kwa siku yenu ya wazazi alivaa koti lake la shule, akakaa nje kungoja gari. Muthama alipofika, baba yako alishindwa kuinua mguu apande. Walimshika huku na huku, ikashindikana. Akamwapisha Muthama asiseme. Ile barua yako ya hasira ilipokuja aliisoma, akaniambia una haki.

Sasa ameshikwa na kifua na mwili hauna nguvu ya kupigana nacho. Tulimpeleka kwa daktari, akasema alishwe kidogo kidogo. Tutamlisha nini? Njoo, Nthenya. Usingoje shule kufungwa.

Shangazi yako,
Syokau


Zombe,
30 Oktoba 1984

Baba yangu,

Shangazi ameniambia yote. Usimkasirikie.

Nimesoma barua yake nikiwa darasani. Nilitia mwarobaini kwa chakula chako, Baba. Nilikuandikia nikijisifu, na wewe ukatwanga tena ukatuma. Kwa nini hukuniambia? Ningekuandikia. Hata kama ungenitumia mchanga ningekuandikia. Mimi ni mtoto wako.

Nilitaka kupanda na Muthama leo hii. Hedimasta amekataa kuniruhusu kabla mtihani wa darasa la sita haujasahihishwa, na nimekumbuka wewe hukuwahi kuacha darasa katikati ya mtihani hata mama alipokuwa anaumwa. Nitamaliza Ijumaa mchana. Jumamosi niko hapo kwako. Nitakaa mpaka upone, na wakinifuta wanifute.

Muthama anakuletea gunia la mahindi. Walimu wote wamechanga kutoka kwa mgao wao, hata Nzomo. Shangazi ayasage laini, akupikie uji mwepesi. Kunywa, Baba. Usimpe Mbuvi. Usimpe mtu yeyote.

Na kitabu nimekutumia. Ni cha Mutindi, ametaka mwenyewe utumiwe chake. Ameacha ukurasa wa kushoto wazi ili uandike. Anasema hata ukikosa si neno.

Ningoje tu mpaka Jumamosi.

Mwanao, mama yako,
Nthenya


Kalamba,
1 Novemba 1984

Nthenya mwanangu,

Leo sikuulizi hali. Keti kwanza. Nimemwambia Muthama ageuze gari leo leo akuletee barua hii na akubebe, mtihani au hakuna mtihani.

Baba yako alituacha jana, Jumatano, jioni. Hakuhangaika. Mchana aliniuliza kama Muthama amepita, nikamwambia bado, akasema labda ni barabara. Hayo ndiyo maneno niliyoyasikia mwisho.

Muthama amefika leo asubuhi. Nilipomwona anashusha lile gunia nilienda nyuma ya jiko nikakaa huko mpaka wakanitafuta. Barua yako nimemsomea hata hivyo. Niliwatoa watu, nikafunga mlango, nikamsomea yote pole pole, na kitabu cha huyo mtoto nikakifungua karibu naye. Sijui kama nilifanya vizuri, lakini ndivyo nilivyofanya.

Watu wamejaa hapa tangu usiku, wa kanisani na wale aliowafundisha. Wengine wametoka mbali kwa miguu na wote wana njaa. Sikuwa na kitu cha kuwapa. Mahindi yako yako motoni sasa hivi, tunawapikia waliokuja kumlilia.

Tutazika Jumamosi. Njoo.

Shangazi yako,
Syokau