Tangi la Sebuleni

6 Januari

Kitinda wangu,

Marahaba kabla hata hujanipa shikamoo, maana najua ungeanza nayo. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Kikohozi kimekwenda zake. Wewe je, baridi ya huko imekuachia vidole?

Naandika kwa sababu simu siipendi, wajua. Kwenye simu mtu anajibu kabla hajafikiri.

Nataka kufuga samaki. Usicheke kwanza. Wale wa kwenye picha uliyonitumia kutoka dukani kwenu, bapa, duara kama sahani, wenye michirizi ya buluu usoni. Diskasi. Nimestaafu kazi ya vioo lakini mikono imekataa kustaafu, na ule ukuta wa sebuleni uko mtupu tangu kaka yako alipochukua kabati la vyombo la marehemu mama yenu. Tangi nitalijenga mwenyewe. Wewe niambie tu hao mabwana wanataka nini.

Kaka yako alikuja juzi na mtu mwenye viatu vinavyong'aa, akasema ni fundi wa paa. Fundi wa paa hakutazama juu hata mara moja, alikuwa anahesabu vyumba. Alipoondoka, kaka yako akasema nyumba itauzwa katikati ya mwaka, mimi nikakae kwake ghorofani. Mama yenu aliwaachia nyinyi wawili, kwa hiyo bila wewe hawezi kuuza, na anasema wewe umeshakubali. Hilo sikuulizi. Nakuuliza samaki.

Baba yako


25 Januari

Shikamoo baba,

Vidole vipo vyote, asante. Nimefurahi kikohozi kimekwenda. Goti lipake ile dawa niliyokutumia, usiitunze kabatini kama pambo.

Nimecheka, samahani. Mtu akija dukani kwetu kwa mara ya kwanza akaomba diskasi, bosi wangu humpeleka kwenye samaki wa dhahabu na kumwambia arudi mwakani. Hawa ni mabwana kweli. Wanataka maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, na hita iwake muda wote. Wanataka maji laini. Ya bomba la hapo nyumbani yanaacha chokaa kwenye birika, kwa hiyo changanya na ya mvua. Wanataka wenzao, sita hivi, mmoja akikaa peke yake anajificha na kugoma kula. Na kubwa kuliko yote, ukishajaza maji usiweke samaki! Washa chujio, liache lizunguke mwezi na zaidi, mpaka vijidudu vile vizuri vinavyokula uchafu vikae humo. Watu wanaua samaki kwa haraka tu.

Tena diskasi hapendi kuhamishwa. Ukimhamisha anaingia weusi, anasusa chakula, na mwingine harudi tena kuwa kama zamani.

Kuhusu mambo ya kaka, tutaongea. Anakutakia mema, baba. Jenga tangi dogo basi, la kubebeka, ili ukienda kwake uende nalo.

Mwanao Kitinda


18 Februari

Kitinda wangu,

Salamu nyingi. Goti nimelipaka, sasa linanuka vizuri na linauma vilevile. Natumaini bosi wako hajambo na hawatishi tena wateja.

Umeniambia diskasi hapendi kuhamishwa, halafu mstari wa pili ukaniambia nijenge tangi la kuhamisha. Nimeusoma kwa miwani na bila miwani. Haya.

Tangi limesimama. Vioo nimepata kwenye duka la viatu lililobomolewa, vile vya dirisha la mbele, vinene kuliko kidole changu cha mwisho. Kukata kioo kinene ni kama kumpa mtu habari mbaya, ukisita katikati kinapasuka kinapotaka chenyewe. Sikusita. Jirani mchomeleaji ameniundia meza ya chuma, akaipaka rangi mara mbili, akakaa sebuleni akiitazama kana kwamba ataozesha binti. Silikoni ilinuka siki nyumba nzima. Nilipojaza maji pembe moja ikavuja, nikatukana kidogo, nikamwaga yote, nikakwangua, nikaanza upya. Sasa ni kavu kabisa kwa nje. Urefu wake kama kitanda changu na zaidi. Ndani nimeweka mchanga, gogo lililochemshwa na chungu nilichokigeuza chini juu. Chujio linazunguka, maji yanacheza, samaki hakuna. Nakaa na kuyatazama hivyohivyo.

Kaka yako alikuja Jumapili. Akalizunguka, ila nyuma hakupita maana limegusa ukuta. Akauliza, "Baba, hili litatokaje?" Nikamuuliza, "Litoke liende wapi?" Akaondoka bila kumaliza chai.

Baba yako


7 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, ila sikio linaniuma kwa sababu kaka amenipigia simu mpaka ikawa ya moto. Anasema tangi ni pana kuliko mlango, na kimo chake nacho kimeuzidi upana wa mlango, hata mkililaza ubavu halipiti. Dirisha lina nondo. Anasema, "Mtu aliyepima vioo maisha yake yote leo anausahau mlango! Kitinda, mzee ameanza kupotea. Kesho atawasha jiko na kuliacha." Kwake huo ndio ushahidi. Atakupeleka kwa daktari wa wazee.

Baba, nimekasirika, tena nimeogopa. Si wewe uliyekuwa unasimulia habari za yule fundi mwenzako aliyetengeneza kioo cha saluni kikakwama kwenye ngazi, wakakiteremsha kwa kamba huku mtaa mzima unatazama? Kila mgeni aliyekuja alisimuliwa. Mama alikuwa anainuka kwenda jikoni ukianza tu, "Kuna fundi mmoja..." Sasa imekuwaje?

Ndiyo, nilikubali nyumba iuzwe. Uliuliza kwa kutouliza, nami nakujibu. Kaka aliniambia siku moja utaanguka bafuni na hakuna atakayejua mpaka kesho yake. Niko mbali, silali nikifikiria hilo. Kama kweli umesahau mlango, basi kaka ana haki na mimi sitabadili neno langu. Niambie.

Mwanao


29 Machi

Kitinda wangu,

Mimi sijambo. Usiache kula kwa ajili ya mawazo, unakonda vibaya wewe, unaanzia shingoni.

Samaki wamekuja. Kuna mfugaji upande wa pili wa mji anayefunga kazi, ameniuzia sita wakubwa. Niliwaleta kwenye ndoo zilizofungwa blanketi. Siku ya kwanza wote weusi, wamejibana nyuma ya gogo kama watu waliokuja msibani wasijue marehemu ni nani. Siku ya tatu mmoja akatoka akala funza kidogo. Sasa wananijua. Nikipita na shati lile la bluu wanakuja mbele, nikipita na jeupe wananigomea.

Wiki iliyopita umeme ulikatika mchana kutwa, hita ikazimika. Nilipiga hodi kwa mchomeleaji kuomba birika moja la maji ya moto. Akaja yeye, mkewe, na mwalimu wa nyumba ya mbele, kila mtu na blanketi lake. Tukalifunika tangi kama mgonjwa, tukatumbukiza humo chupa za maji ya moto, pampu ya chujio ikawa inazungushwa na betri ya gari la mwalimu. Hakufa hata mmoja. Tangu siku hiyo wanakuja kila jioni kuwatazama, hata kama sina cha kuwapa. Jana nilichelewa kufungua mlango kwa sababu nilikuwa naoga, mchomeleaji akaita mara tatu na kuanza kuzunguka nyuma.

Swali lako la mlango nimeliona.

Baba yako


2 Mei

Shikamoo baba,

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nangoja ujibu, na wewe ukakaa kimya kwa sababu ulikuwa umeshaandika. Nakujua. U mzima lakini?

Kaka amenieleza habari za daktari. Eti alikwambia uchore saa, ukamchorea, kisha ukamwambia ile yake ya ukutani imechelewa na kioo chake kimewekwa kinyume. Daktari amesema kichwa chako kizima. Kaka anasema daktari hajaliona tangi.

Mnunuzi amepatikana. Kaka anataka neno langu la mwisho kabla mwezi haujaisha, nikisema ndiyo anapokea malipo ya kwanza. Sitaki barua ya samaki, baba. Nataka neno moja. Uliupima mlango au hukuupima?

Kitinda


14 Mei

Mwanangu,

Mzima mimi. Na wewe uwe hivyo.

Niliupima. Niliupima kabla sijanunua hata kipande kimoja cha kioo, kisha nikaongeza vidole viwili kila upande ili kaka yako asije na wazo la kung'oa fremu.

Sasa nisikilize. Nyumba si yangu, ni yenu, na mama yenu alifanya vizuri kuwaandikia. Kwa hiyo sina pa kusimama niseme hapana. Ningesema sitaki kuhama, mngesema mzee mkaidi, muacheni atazoea. Nikawaza, mimi maneno sijui, vioo najua. Nikajenga kitu kisichotoka. Sikujua kwamba kaka yako angekifanya kuwa ugonjwa. Hilo liliniuma, na ndiyo maana nilinyamaza. Nilitaka nione kama wewe ungeniamini bila kuambiwa.

Sitaki kwenda ghorofani. Kaka yako ni mtoto mwema na mkewe ananiheshimu, lakini kule nitakuwa mgeni wa kukaribishwa kiti mpaka nife. Hapa nikiamka gizani najua swichi ilipo. Nimesema.

La pili. Wawili kati ya samaki wamejitenga, wamewafukuza wenzao wote pembeni, wakataga kwenye chungu. Mara ya kwanza walikula mayai yao wenyewe, nikawatukana. Mara ya pili yakaanguliwa. Juzi vitoto vimeanza kuogelea, na unajua vinakula nini? Vinawala wazazi! Vimejipanga ubavuni mwao vinalamba utelezi wa ngozi. Baba akichoka anajitikisa, vyote vinahamia kwa mama, kisha vinarudi. Mwalimu alikuja akasahau kwenda kusahihisha madaftari.

Mfugaji anasema kuna siku itabidi niwatenge, la sivyo watoto watawamaliza wazazi ngozi. Nilipika chakula nikawa nafikiria maneno hayo, nikacheka peke yangu. Usimwambie kaka yako, atasema ni dalili.

Kulitoa tangi kuna njia moja tu, kulivunja. Nyundo iko kwenye sanduku langu la kazi, droo ya chini. Mkisema, mimi mwenyewe nitawatoa samaki kwanza.

Baba yako


30 Mei

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, na wale wa ubavuni wazima pia.

Yako niliisoma dukani nimesimama, ndoo mkononi, mpaka bosi akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Nikamweleza habari yote. Alicheka, akauliza kama baba yangu anatafuta kazi.

Samahani, baba. Ulipoandika kwamba umekata kioo kinene bila kusita, pale pale nilipaswa kujua. Mtu wa hivyo hasahau mlango. Nilijua, halafu nikaogopa, nikakaa na woga.

Kaka nimempigia jana. Nimemwambia siuzi. Akapiga kelele, nikamwacha amalize. Nikamweleza habari za mchomeleaji aliyezunguka nyumba kwa sababu ulichelewa bafuni. Kisha akasema, "Basi angeniambia tu." Nikamwambia aliniambia mimi, na ilimchukua miezi mitano na vioo vya duka zima. Mnunuzi ameshajulishwa. Kaka anakuja Jumapili, safari hii peke yake. Mpe chai, mkalishe mbele ya tangi, vaa shati la bluu.

Watoto usiwatenge kwanza. Mpaka ngozi ya wazazi ianze kuonyesha alama, waache walambe. Nakutumia hita ya akiba, moja ikifa nyingine ipo.

Mwezi wa nane nina likizo, nimeshakata tiketi. Ila nipimie mlango, baba. Safari hii sikukonda.

Kitinda wako