Zile Laki Nne za Mwezi wa Kumi na Moja

Bakoba,
Bukoba.
12 Mei, 2024

Mpendwa mdogo wangu Ndyamukama,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Hujambo? Wifi yangu Joyness hajambo? Na Kamala wenu ameshaota meno, au bado anawasumbua usiku? Sisi huku tu wazima. Kikohozi changu kimepona, na mvua imenyesha mpaka njia ya kwangu ni tope tupu. Nasikia huko Tunduru ni ugali asubuhi, ugali jioni. Pole sana, wewe uliyekuwa unanuna usipowekewa ndizi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimefanya makusudi. Kwenye simu unajua kunizungusha, unasema, "Dada, niko darasani," halafu unakata. Barua utaisoma hadi mwisho, nakujua.

Jumapili iliyopita nilikwenda Muleba kumwona mama. Nilimkuta mzima, anacheka, anauliza habari zako. Lakini kuna mambo hayakuniingia akilini, na tangu nirudi sina usingizi.

La kwanza ni Ta Ildefons, yule jirani wa bondeni mwenye pikipiki nyekundu. Nilimkuta katikati ya mibuni yetu. Hakuwa anapita. Alikuwa anakwenda mstari kwa mstari, anashika matawi, midomo inamchezacheza kama mtu anayehesabu. Aliponiona akaniambia, "Karibu nyumbani, dada." Karibu nyumbani! Kwa baba yangu mwenyewe! Tangu lini Ildefons akawa na adabu? Mtu ambaye marehemu baba alikuwa hamwazimi hata jembe. Nikajisemea moyoni, huyu ananyemelea kibanja chetu, shamba alilotuachia baba.

Nikaingia ndani. Mama akaniletea kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama anavyomfanyia kila mgeni. Ndyamukama, ilikuwa ya kununua! Imefungwa kwenye nailoni, ya dukani. Mama yetu huyu huyu, anayechemsha na kukausha ya kwake kila mwaka, anayewasema wanawake wa kanisani kwamba ni wavivu kwa sababu wananunua. Nilimwuliza, akajibu kwamba mwaka huu hakuwahi. Hakuwahi kitu gani, na mibuni iko hatua kumi kutoka mlangoni?

Basi nikatoka uani. Ule mbuni wa karibu na jiko umebeba mpaka matawi yameinama. Nikanyoosha mkono nichume kidogo nimchemshie mwenyewe. Mama akapiga kelele kutoka dirishani, "Usiguse!" Hebu niambie, umewahi kumsikia mama akipiga kelele? Mimi nina miaka arobaini na miwili, sijawahi. Akaja mbio, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Hizo ziache, mwanangu. Nimeahidi." Nilipomwuliza ameahidi nini na kwa nani, akarudi kwenye sufuria zake.

Hapo nikajua ni butura. Hujasahau jinsi ilivyommaliza mjomba Rwekaza. Unauza kahawa ingali maua, mnunuzi anakupa bei anayoitaka yeye, na wakati wa kuchuma magunia yote ni yake. Mavuno yakipungua, deni linahamia kwenye maua ya mwaka unaofuata. Serikali inakataza, lakini watu wanamalizana jikoni. Na mama ndiye aliyekuwa akitukalisha chini tukiwa watoto na kutuapisha kwamba hatutaigusa maishani.

Nilimfuata Ildefons barabarani. Nilikuwa nimepandwa na hasira, nilitaka kumtukana. Hakugombana. Aliwasha pikipiki yake, akasema, "Mimi nilitoa laki nne taslimu mwezi wa kumi na moja. Mengine kamwulize mama yako." Akaondoka. Magunia sita ya kahawa kwa laki nne, jamani! Hata nusu ya bei si hiyo.

Lakini haikuwa bei iliyonikosesha nguvu. Ni laki nne, na ni mwezi wa kumi na moja.

Kuna jambo sikukueleza lote kwa aibu. Mwaka jana nilichukua ule mkopo wa akina mama, wenyewe tunauita kausha damu. Nilitaka vitambaa vya sare za shule nishone mapema kabla ya Januari. Marejesho ni kila Jumanne, uwe umeuza, usiwe umeuza. Wiki ya tano nikakwama. Wiki ya saba wakaja wanakikundi wenzangu, wale wale tuliokuwa tunaimba nao kwaya, wakabeba cherehani yangu. Mmoja wao alikuwa amevaa gauni nililomshonea mimi.

Siku ya tatu mama alishuka kwenye basi, fedha amezifunga kwenye leso. Akasema, "Ndyamukama kanitumia. Kakomboe cherehani yako." Nililia kwa furaha. Nikakupigia simu kukushukuru. Wewe ulikaa kimya kwanza, nikadhani ni mtandao. Kisha ukasema, "Haya dada, usijali."

Kimya kile sasa kinanisumbua. Mwalimu wa ajira mpya, anayekatwa mkopo wa chuo, mwenye mtoto mchanga, alipata wapi laki nne kwa mpigo? Mbona wakati ule sikujiuliza? Nadhani sikutaka kujiuliza. Nilikuwa na shida, na mwenye shida haulizi sana.

Kwa hiyo nakuuliza leo, mdogo wangu, na nataka neno moja tu. Ulituma, au hukutuma?

Kama ulituma, basi mama ana deni lingine asilotuambia, na lazima ushuke huku tuzungumze naye. Kama hukutuma, basi kahawa ya mama ya mwaka mzima ndiyo ninayoikanyaga kwa mguu kila siku nikishona, na mama yetu anaogopa kuchuma punje tano kwenye mbuni wake mwenyewe asije akaitwa mwizi.

Jumanne iliyopita yule bibi wa mikopo alipita tena hapa kwangu, anatabasamu, ana fomu ya kiasi kikubwa zaidi. Ananiita mteja mzuri. Nilimwuliza amejuaje kwamba nina shida tena, akacheka tu. Fomu nimeitia motoni. Amepatikana fundi wa Nshambya anayeitaka cherehani yangu kwa laki nne na nusu. Ukijibu kwamba hukutuma, naiuza siku hiyo hiyo na kumpelekea Ta Ildefons fedha yake mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kabla hawajaanza kuchuma. Akikataa kuipokea, nataka akatae watu wakisikia.

Tafadhali, waitu, ndugu yangu, usinidanganye kwa kunionea huruma. Huruma ya namna hiyo imekwisha kumgharimu mama.

Nisalimie sana wifi Joyness, umbusu Kamala mashavu yote mawili, na kama yule Hamidi tuliyesoma naye bado yuko huko, mwambie namkumbuka. Mama anakusalimu. Hajui kwamba nakuandikia. Aliponisindikiza kituoni alinipa ile kahawa ya dukani iliyobaki, akaniambia nikutumie kidogo, ujisikie uko nyumbani. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Itafune, kisha unijibu.

Mungu akulinde, akupe na moyo wa kusema kweli.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokushuku,

Kokuhirwa